Nani Aonje Kwanza

Asubuhi ile niliamka na hasira, na wanaonijua watakwambia hilo si jambo geni. Umeme ulikuwa umekatika, mume wangu Loïc alikuwa amemaliza maji ya ndoo kwa kunyoa ndevu, na mimi nilikuwa nasubiriwa na watu ambao nusu yao walikuja kuniona nikianguka. Mtaa mzima ulijua kwamba siku hiyo Orlane, mke wa Loïc, angekunywa maji ya choo mbele ya hadhara.

"Maji ya choo" ni maneno yao, si yangu. Mimi ndiye ninayepima maji kwenye kituo kimoja kaskazini mwa Bujumbura, mahali ambapo mabomba ya taka humwaga kila kitu ambacho watu wa jiji wamekifulia, wamekiogea na wamekisahau. Maji hayo hutulia kwenye mabwawa mpaka uchafu mzito uzame, na zamani yaliachiwa kutoka hapo yaende zake ziwani. Mwaka jana tulipata mashine ndogo ya majaribio inayoyapeleka mbele zaidi. Yanasukumwa kwenye utando wenye matundu ambayo jicho haliyaoni, yanapita chini ya taa inayoua vijidudu vilivyobaki, yanatiwa klorini, na mwisho yanatoka kwenye bomba la chuma, meupe, hayana harufu. Niliyapima tangu mvua za kwanza hadi kiangazi. Kila mara yalikuwa safi kuliko yale ninayochota nyumbani kwangu Cibitoke.

Lakini maji kuwa safi ni jambo moja, na mtu kuyanywa ni jambo jingine. Kwetu Burundi kinywaji hakipewi mgeni hivi hivi. Chupa hufunguliwa mbele yake, mtungi humiminwa mbele yake, na mwenye kugawa huonja kwanza, kila mtu akiliona koo lake likipanda na kushuka. Kwa Kirundi tunaita gusogongera. Ni adabu, na ni kiapo pia: hiki ninachokupa nimekitia kwanza tumboni mwangu. Baada ya hapo mgeni hana ruhusa ya kukataa, maana akikataa amekuita mroga.

Mkurugenzi wetu, Gélase, alilijua hilo vizuri. Aliamua kwamba maji yazinduliwe kwa desturi, na kwamba mwonjaji niwe mimi. Hakunichagua kwa sababu ya elimu yangu. Alinichagua kwa sababu ya mama mkwe wangu.

Mama mkwe wangu anaitwa Caritas. Anauza ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye soko la Jabe, na wanawake wa soko lile humsikiliza kuliko wanavyowasikiliza waume zao. Akisema sabuni fulani inachubua, mwenye duka aitafutie mkoa mwingine. Gélase alikuwa amepiga hesabu zake: mwanamke huyo akipokea kikombe kutoka kwa mkaza mwana wake, akanywa, Jabe itakunywa, na Jabe ikinywa jiji litafuata. Wafadhili walikuwa wamesafiri kuja kuliona hilo kwa macho yao.

Masikini Gélase hakujua alichokuwa anakiomba. Baba mkwe wangu alifariki muda mfupi baada ya harusi yetu, na siku aliyozidiwa alikuwa amekula kwangu. Daktari alisema ni kidonda cha tumbo kilichopasuka, cha siku nyingi. Mama Caritas alimsikiliza mpaka mwisho, akashukuru, na tangu hapo hajawahi kugusa kikombe nyumbani kwangu kabla sijakionja. Wengine huonjewa huku wakipiga soga. Yeye hunyamaza na kuniangalia koo. Lile neno la mroga hajawahi kulisema, hana haja, majirani walimsaidia kulisema. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi kamba hiyo nimeiburuza ndoa yangu yote. Iliniuma, nasema wazi, na haikupoa kwa mazoea.

Kwa hiyo siku ile niliitamani kuliko Gélase na wafadhili wake. Nilikuwa na maji ninayoyajua kama ninavyoujua mlango wa nyumba yangu. Ningeonja mbele ya watu wote, ningempa mama kikombe kwa mikono miwili, angekunywa, na midomo ya Cibitoke na Jabe ingefungwa.

Nilifika kituoni wageni bado hawajaja. Jenereta ilikuwa kimya, mazutu, yaani dizeli, ilikuwa haipatikani mjini kwa siku kadhaa. Taa ya mashine ilikuwa imezimika. Hilo peke yake halikunitisha, kwa sababu taa ikizimika vali ya usalama hujifunga yenyewe, na hakuna tone linaloingia kwenye tangi la kunywa. Lakini tangi lilikuwa limejaa mpaka juu. Nikazunguka nyuma ya mashine, nikainama, nikaona waya. Mtu alikuwa ameifunga vali kwa waya ibaki wazi.

Mtu huyo alikuwa Audace, fundi wa pampu, na hakujaribu hata kudanganya. Alisema bosi alitaka tangi lijae kwa ajili ya sherehe, umeme ulikatika likiwa nusu, maji ya tangi la juu yalikuwa bado yanashuka yenyewe kwenye utando, naye akaona ni hasara kuyaacha. Klorini si ipo, akasema. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, mama yake bado yu hai.

Klorini ilikuwepo, niliipima. Lakini kuna vijidudu vyenye ganda gumu ambavyo klorini haiviwezi, na kazi ya kuviua ni ya taa. Isitoshe, utando wetu mmoja ulikuwa umeanza kunitia shaka. Shinikizo lake lilikuwa likishuka bila sababu, na wa kubadilisha ulikuwa umekwama nje ya nchi kwa kukosa dola. Nilikuwa nimekubali tuendelee nao kwa sababu taa ilikuwa nyuma yake, ikilinda. Sasa tangi lilikuwa limejaa maji yaliyopita kwenye utando ninaoushuku, bila taa, na kwa macho yalikuwa mazuri kabisa.

Lamya, rafiki yangu wa maabara moja ya Rohero, alikuwa amekuja kuchukua sampuli za sherehe. Nilimvuta pembeni nikamwomba anipe jibu kabla wageni hawajakaa. Akanitazama kwa huruma. Alinikumbusha kitu nilichokuwa nakijua: vijidudu vinaoteshwa, vinangojewa, na haviharakishi kwa sababu mtu ana wageni. Jibu lingekuwa kesho yake kwa mapema zaidi.

Nikaenda ofisini kwa Gélase. Alikuwa anafunga tai mbele ya kioo cha dirisha.

"Ile maji siyo ya kunywa leo," nikamwambia.

"Iko mubaya?"

"Sijue."

"Donc hauna preuve." Yaani sina ushahidi.

"Sina preuve kama iko mubaya. Na sina preuve kama iko muzuri."

Akakaa chini. Gélase si mtu mwovu, na sitaki msomaji amwone hivyo. Alinieleza taratibu, kama mtu anayejieleza mwenyewe, kwamba utando haujawahi kutuangusha, kwamba klorini inatosha kwa mengi, kwamba uwezekano wa kutokea baya ni mdogo sana. Nikamwambia tufungue tangi tumwage yote, tuanze upya. Akaniuliza kwa umeme upi. Nikamwambia basi tuahirishe, tuseme mashine imeharibika. Hapo akacheka bila furaha, akasema wafadhili wanaondoka jioni na pesa zao zinakwenda nchi nyingine, na watu wa mitaani hawatauliza kilichoharibika ni nini. Watasema tu kwamba wenye maji wenyewe waliogopa kuyanywa. Maji yakimwagika hayazoleki, na sifa ya sumu vilevile.

Alisema atakunywa na yeye. Nikamjibu tumbo lake ni lake.

Nilifikiria hata kujaza mtungi kwa maji ya chupa. Lakini bomba lilikuwa pale pale mbele ya viti, na kinywaji humiminwa machoni pa mgeni. Desturi yetu ilitungwa na watu waliojua ujanja wote.

Wakaja. Wakuu wa mitaa walikaa mbele, padri na sheikh wakakaa pamoja, wafadhili wakavaa kofia zao za jua, na wanawake wa Jabe waliingia kwa mkupuo, wamependeza, wamebana midomo. Mama Caritas alikuwa katikati yao kwa vazi la imvutano la kijani, akakalishwa kiti cha mbele kabisa. Loïc alikaa karibu naye. Nilimtafuta kwa macho, naye akawa anatafuta kitu kwenye simu yake.

Sheikh aliulizwa kuhusu najisi, akajibu vizuri. Alisema maji yakirudi kwenye rangi yake, harufu yake na ladha yake, yamerudi kwenye usafi wake, na watu wakaitikia kwa vichwa. Padri akabariki. Gélase akahutubia kwa Kifaransa, kisha kwa Kirundi, kisha kwa Kifaransa tena. Jua lilikuwa limepanda na watu walikuwa na kiu. Mimi nilisimama kando ya bomba, jasho linanitiririka mgongoni, nikiwaza.

Kwa ajili ya tumbo langu nisingejali. Nimewahi kunywa mabaya zaidi ya yale, na nani Burundi hajawahi. Lakini kuonja si kunywa. Kuonja ni kumwambia mwenzako: kunywa, mimi ninajua. Na mimi sikujua. Nikionja, mama atakunywa, kisha wanawake wote wale, kisha watoto wao jioni. Nisipoonja, mbele ya Jabe nzima, nitakuwa nimethibitisha kwa kinywa changu mwenyewe kile ambacho amekuwa akikitafuta kooni mwangu miaka yote. Hapo ndipo maji yaliponifika shingoni.

Gélase akaniita kwa jina langu na la ukoo wa mume wangu. Nikafungua bomba, nikajaza kikombe kikubwa cha bati. Maji yalikuwa ya baridi na yalimeta. Nikatembea nayo hadi mbele ya mama mkwe wangu, vyura wa mabwawani wakisikika.

Alikuwa ananiangalia koo.

Nikainua kikombe. Maji yakagusa mdomo wa juu. Mawazo yangu yote yakawa kitu kimoja tu, kiti cha baba mkwe kilichobaki tupu sebuleni kwa mama. Nikakishusha.

"Mi sionje," nikasema.

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mahindi. Gélase aliruka haraka kuliko nilivyomdhania. Alicheka kwa sauti, akaeleza kwamba mke wa mtu huona haya mbele ya mkwe wake, akanitoa kikombe mkononi kwa upole, na kabla sijajua la kufanya akapiga mafunda makubwa na kujipangusa midomo. Kisha akapiga goti kidogo, akamkabidhi mama kikombe kwa mikono miwili.

Ikawa imekwisha. Mwenye nyumba ameonja. Mama Caritas alikipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, na hapakuwa tena na njia ya yeye kukirudisha bila kumtukana mtu mbele ya padri wake na wageni wa nje. Nilimwona akisita, nikaona heshima ikimshinda shaka. Akakiinua.

Nikaweka kiganja changu juu ya kikombe.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka maji yakimwagikia kwenye imvutano ya kijani, na bati likiwa la baridi, na macho yake karibu sana na yangu.

"Mama, usinywe," nikasema. "Mi ndiye napima ile maji, na leo sijue iko na nini ndani."

Nyuma yake mwanamke mmoja alilisema lile neno kwa Kirundi, umurozi, mroga, si kwa kelele, kwa sauti ya mtu aliyepata alichokuwa amepoteza. Wengine wakalipokea. Loïc akasimama, uso umemwiva.

"Orlane, toa mukono," akasema. Ndiyo maneno pekee aliyoyatoa siku ile.

Sikuutoa. Mama Caritas aliutazama mkono wangu, hakuvuta kikombe wala hakukiachia. Kisha akakiweka chini kwenye majani, akakusanya nguo yake iliyolowa, akaondoka. Wanawake wa Jabe wakanyanyuka nyuma yake kwa mkupuo ule ule waliokuja nao. Wakuu wa mitaa wakaangaliana, wakakumbuka shughuli zao. Wafadhili walibaki wakimuuliza Gélase kilichotokea, naye alikuwa anatafuta maneno katika lugha zake zote.

Jioni yake alinitaka nirudishe funguo za maabara. Hakufoka. Ningependa angefoka, ningepata mahali pa kuipeleka hasira yangu.

Nyumbani Loïc alikula, akanigeuzia mgongo, akalala. Alikuwa amekaa kati yangu na mama yake muda wote wa ndoa yetu, na sasa ilionekana amechagua kiti. Majirani walinisalimia kwa adabu iliyozidi. Nilipopita kwa Amandine, anayeuza uji mlangoni kwake, nilimwona akifunika sufuria. Nilitaka kurudi nimwambie kwamba ningetaka kumroga nisingepoteza dawa kwa uji ule, lakini niliona nitakuwa nimempa ushahidi.

Lamya hakunipigia simu, alikuja mwenyewe na bahasha yake. Nilipomwona uso nikajua ana habari, ila sikujua ya upande gani. Akakaa, akaomba msamaha kwanza, jambo ambalo sikulielewa mpaka aliposema.

Maji yalikuwa safi. Alikuwa ameyaotesha, ameyaangalia kwa darubini, akarudia, chupa baada ya chupa. Hakuna kitu. Utando ule ninaoushuku ulikuwa umefanya kazi yake yote peke yake.

Nilicheka, kisha nikalia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira. Gélase alipiga simu baadaye kidogo. Alikuwa mzima wa afya. Aliniuliza tu, "Unaona sasa?" na akakata. Nitasema na hili, Mungu anisamehe: kwa dakika chache nilitamani maji yale yangekuwa machafu, nilitamani Gélase awe amelala hospitali akishika tumbo, ili mkono wangu uwe na haki. Ulikuwa mkono uliozuia maji safi, ukaua kazi ya watu wengi, na ukaniacha na jina ambalo sasa nimejipa mwenyewe.

Lakini sikutaka mama Caritas aisikie habari ile kwa mdomo wa mtu mwingine. Nilimwambia Loïc naenda Jabe. Akaniambia nisiende, nimwache mama apoe. Nikapiga moyo konde nikaenda.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa, na uani kwake walikuwa wamejaa wanawake wa soko, wale wale. Niliposukuma mlango wa bati mazungumzo yalikatika. Nikasalimu, wakaitikia wawili watatu. Hakuna aliyenionyesha mahali pa kukaa, kwa hiyo nikasema nimesimama.

"Mama, majibu ya maabara ilikuja. Ile maji ilikuwa safi."

Mwanamke mmoja mnene, aliyekaa karibu na mtungi, akacheka puani. Ndiye yule aliyelisema lile neno, niliitambua sauti. Mama Caritas alikuwa anachambua maharage kwenye ungo na hakuacha.

"Safi kabisa?" akauliza.

"Kabisa."

"Na ile siku, ulikuwa unajua kama iko safi?"

"Apana. Nilikuwa sijue."

"Kama ungelijua?"

"Ningelionja, nikakupa."

Vidole vyake vikasimama kwenye ungo. Yule mnene alianza kusema kitu, mama akamnyamazisha kwa kiganja, bila kumtazama.

"Bwana yangu alipokufa," akasema, "daktari alikuwa anajua. Padri alikuwa anajua kama ni mapenzi ya Mungu. Na nyinyi wote hapa mulikuwa munajua ni nani. Mi nilikuwa nakaa hapa, nasema, kwani ni mimi tu ndiye sijue?" Akaweka ungo chini. "Sijaona mutu anasimama mbele ya watu na kusema sijue. Alafu anajiharibia jina juu ya hiyo."

Niliinama nikaokota maharage mawili yaliyoruka nje ya ungo, nikayarudisha.

"Ile mashine, itapona?" akauliza.

Nikamweleza kwamba utando mpya ukifika na umeme ukitulia itafanya kazi vizuri, lakini mimi simo tena, funguo nimerudisha. Akasema hilo la funguo tutaliona, kwa sababu bila Jabe hao mabwana watapata wapi watu wa kunywa. Kisha akasema kwamba siku nitakayojua, kujua kweli, nimwite.

"Sasa wageni yangu iko na kiu," akasema. "We ndiye utagawa."

Mwanamke hampi mtu yeyote mtungi wa nyumba yake awagawie wageni. Hilo hufanywa na yeye mwenyewe au na binti aliyemzaa. Nikanawa mikono, nikachota, nikajaza kikombe cha kwanza, na kwa mazoea ya ndoa nzima nikakipeleka mdomoni ili nionje.

Hakikufika. Mama Caritas alikuwa amenyoosha mkono, akakitwaa, akanywa mpaka chini huku ameniangalia machoni. Kisha akanirudishia, akaniambia nijaze tena.

Nikawapitishia mmoja mmoja, nao wakanywa. Wa mwisho alikuwa yule mnene wa karibu na mtungi. Alikishika kikombe kwa muda, akamtazama mama mkwe wangu, akanitazama mimi, akanywa.